Mama Yako Amepanda Mashua

San Agustin, Tablas
Romblon
19 Mei 2023

Mpendwa shemeji yangu Rodel,

Salamu nyingi zikufikie huko Rotterdam kwenye baridi. Mgongo vipi? Bado unalala na soksi kama kikongwe? Sisi wazima. Dada yako ananinunia kidogo tu, maana yake afya ipo. Sukari ya mama yako imetulia.

Mashua imekamilika. Usifikirie ngalawa, shemeji. Hii ni mashua ya matanga ya kusafiria na kulala humo humo, ina vitanda, jiko la gesi, na choo kinachofanya kazi ukikibembeleza. Chini nimeipaka rangi mwenyewe, kamba zote mpya, nanga ya kuzuia nyangumi. Ubavuni nimeandika JOSEFA, jina la mama, kwa sababu moja: nilitaka apande.

Unajua alivyoapa. Tangu ngalawa ilipomlowesha na kumtapisha, hajavuka kwenda Sibuyan kumwona mama mdogo Ising, na Ising sasa ni wa kitandani. Nikamwambia nitamvusha bila tone la maji kumgusa. Akasema ataniangalia siku ya sikukuu ya mtaa: nikiileta vizuri atapanda, nikivuruga nisimtajie tena habari za Sibuyan.

Kuiendesha nilijifunza upesi, mtu niliyepita Suez na Panama (jikoni mwa meli, sawa, lakini nilipita). Kugeuza na upepo, kupunguza tanga, kurudi nyuma kwa injini, yote nimeyaweza.

Siku yenyewe pwani imejaa watu, nguruwe anazungushwa juu ya makaa. Nikafanya kama tulivyozoea tangu utotoni: nikaielekeza pua ufuoni, nishuke na viatu vikavu. Nikasahau kwamba hii ina mkuku wa chuma chini unaonifika kifuani. Ukashika mchanga, tukakwama mbali na watu, na maji ndiyo kwanza yameanza kupwa.

Mashua ikaanza kulala. Binamu yako Nonong, mmoja wa vijana niliowapakia, kwa mazoea akakimbilia bawa la mianzi la ubavuni aisawazishe kama ngalawa. Bawa halipo. Akatumbukia.

Tulipomvuta ndipo akili ikanijia: kama watu wakitoka nje huinamisha ngalawa, basi hii nayo ikiinama mkuku utanyanyuka. Nikausukuma nje ule mti mrefu wa chini ya tanga, ukachomoza juu ya maji kama bawa, na Nonong, Dante na wenzao wakaupanda. Injini ikavuta nyuma. Bado kidogo tu.

Hapo mama akafika na kingalawa cha jirani, hasira imemsahaulisha hofu.

"Umeandika jina langu," akasema, "kisha ukaenda kulilaza mchangani mbele za watu."

Akawatazama vijana wanavyoning'inia kama popo, akatazama maji yanavyoondoka.

"Nipe mkono. Hawa wembamba wote umewaokota wapi?"

Akakalia ule mti, sketi kaibana magotini. Mungu hakumpunja mwili, nawe wajua. JOSEFA ikainama, ikatoka.

Nilipotaka kumrudisha pwani akakataa. "Pale utakwama tena. Nimeshapanda, nipeleke kwa Ising."

Tukaenda. Nguruwe wa watu sikuonja hata sikio. Maji yalimlowesha hadi kiunoni, lakini hakutapika. Dada hao wawili sasa wanalala kitanda kimoja na kugombania mto. Boti ya abiria ameikataa. Ananisubiri mimi nimfuate. Gatini, kasema, si ufuoni.

Msalimie mkeo Femke na mwanenu Lito. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo, akurudishe tukupakie nawe.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kuliko unavyostahili,

Arnulfo (sasa Kapteni)