Sehemu Zisizo na Adabu

Puge, Machi 1953

Eustadia, nimechoka. Kengele imelia, bado nimekaa darasani nakuandikia kwa penseli.

Unakijua kile kitabu cha hesabu cha Waingereza. Sehemu ambayo namba ya juu imezidi ya chini, kama saba juu ya nne, wao huiita isiyo na adabu. Nikatafsiri neno kwa neno, nikaandika ubaoni: SEHEMU ZISIZO NA ADABU.

Mwanafunzi wangu Siwema akanakili, akaenda kuyasoma maneno hayo nyumbani. Kwa sauti! Mbele ya baba yake!

Leo baba huyo, Mzee Masolwa, kaja na jembe begani. Shikamoo yangu hakuiitikia. "Mwalimu, sehemu gani hizo unazomfundisha binti yangu? Namtoa shule."

Sehemu gani hizo! Mbele ya darasa zima, Eustadia!

Nikatoa viazi viwili vya chakula changu, nikakata kila kimoja robo nne, nikampa vipande saba. "Ndizo hizi, mzee. Robo saba."

Akavitazama weee. "Zimezidi kiazi kimoja, basi. Adabu imekosekana wapi?"

Akamwacha Siwema arudi kwenye dawati.

Sasa nimefunua somo la kesho: Waingereza wameliita "vulgar fractions". Kamusi inasema: sehemu za kihuni.