Herufi Mbili Ambazo Sikuziona

Dada Anaeli,

Tangu uondoke sijaandika chochote zaidi ya ripoti za ofisini Njiro. Leo naandika, ingawa wa kunisomea na kunisahihishia hayupo, na barua hii itabaki na makosa yake.

Ulikuwa unanisomea pale mezani kwako Kimandolu, rula mkononi, ukianzia sentensi ya mwisho kurudi juu. Nikikuambia nimeshapitia mwenyewe, ulitikisa kichwa. "Wewe husomi, mdogo wangu. Unakumbuka ulichotaka kusema." Hata ulipolazwa, midomo imekukauka kwa dawa, uliniomba nikuletee kurasa. Ukalizungushia neno moja duara, ukalala.

Ulipofariki, ratiba ya mazishi niliiandika mimi. Shemeji akasema, "Lete nipitie." Nikakataa. Ile ilikuwa kazi yako. Kumpa mtu mwingine niliona kama kukuzika kabla ya siku. Nikaisoma mwenyewe, kimya na kwa sauti, mpaka maneno yakapoteza maana. Nikaipeleka steshenari Kijenge, wakachapa.

Nyumbani Akheri mvua ilikuwa imenyesha. Watu walikaa chini ya turubai, jeneza lako mbele yetu. Mama, ambaye siku hizi haoni maandishi madogo, akamwomba binti yako Nuru amsomee maneno ya chini ya picha. Nuru akasoma kama ulivyomfundisha, bila kuruka kitu.

"Mpendwa wetu Anaeli, tutakusahau daima."

Kisha akauliza, "Bibi, kwa nini tutamsahau mama?"

Niliandika "hatutakusahau", Dada. Naapa, kila nilipopita pale niliiona hiyo "ha". Mama akasema, "Soma tena, mjukuu wangu." Akasoma tena. Ikawa vilevile.

Nikatoa kalamu kwenye pochi, nikapiga magoti matopeni katikati ya viti, nikawa naongeza "ha" kwenye kila karatasi niliyoifikia, mpaka Shemeji akanishika mkono. Hakunilaumu. Bora angenilaumu. Nyingine zimeshaondoka na watu, Moshi, Dar, sijui wapi.

Sasa Shemeji anataka kukujengea kaburi, na maneno ya kwenye marumaru ameniomba mimi. Nimeandika mstari mmoja tu. Nimeusoma kutoka nyuma. Sioni kosa, na siamini tena kutoona kwangu.

Lakini kinachoniumiza zaidi si hicho. Jumapili iliyopita Nuru aliniuliza ulikuwa unachekaje. Amejaribu kukumbuka, ameshindwa. Nikafungua mdomo nimwigie, kikatoka kilio.

Basi, Dada, nakuahidi. Mstari ule atausoma Shemeji, atausoma na Nuru, ndipo fundi aguse jiwe. Na kila Jumapili tukitoka ibadani nitakaa na mwanao, nimsimulie habari zako, nijaribu tena na tena, mpaka kicheko chako kinitoke sawasawa na yeye aseme, ndicho.

Lala, Dada yangu. Udongo wa nyumbani ukushike taratibu.

Mdogo wako,
Ndeshi