Mama, Theluji Imeshuka na Mwadime Yuko Mlimani

Mama yangu mpendwa,

Tangu asubuhi nimeupa mlima mgongo. Nimekigeuza kile kiti chako cha barazani, nikatazama ukuta wa jiko. Ungenikuta hivi ungenishika paji la uso kuona kama nina homa, kwa sababu mtu wa nyumba hii asiyetazama Kilimanjaro akiamka, wewe ulimwona mgonjwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukituamsha? Uliolewa hapa Taveta kutoka Chawia, ambako mlima ni kitu cha kuonekana kwa mbali asubuhi kukiwa kweupe, na hukuwahi kuzoea kuukuta umesimama hapo juu ya migomba yako. Theluji ikishuka chini kuliko kawaida, ulipiga kelele utadhani umeona mgeni wa kutoka Ulaya: "Mlima umejifunika shuka! Majembe!" Ulituambia hayo ni maji yetu, Mungu ameyaweka ghalani. Siku hiyo hiyo mfereji ulizibuliwa, na jembe la kwanza lilikuwa lako, kwa sababu shamba letu ndilo la juu kabisa. Kabla hujapiga, hakuna wa huko chini aliyegusa tope. Ulifunga kanga kiunoni, ukachimba huku ukiimba nyimbo za kanisani. Sauti Mungu alikunyima, tuseme ukweli, lakini mfereji mzima uliitikia.

Tangu ulipoondoka, jembe hilo la kwanza ni langu. Theluji ikionekana nafunga kibanda changu cha kushona pale Voi na kuja. Wateja wananung'unika, nawaambia huu ni urithi. Nilikuwa najivunia sana, Mama.

Sasa nikueleze habari za Mwadime, kitinda mimba wako. Jua la mwaka jana lilichoma vitunguu vyake vyote. Akakaa hapa akiokota kibarua cha leo, kesho hakuna, mpaka rafiki yake mmoja wa upande wa pili wa mpaka akamvusha Holili na kumtafutia kazi ya upagazi. Anawabebea wageni mizigo wanapopanda. Jumatatu alinipigia kutoka lango la kupandia mlima, kabla hawajaanza safari, na kicheko kile chake.

"Dada, huku ni baridi tu, si simba. Ukisikia simu imezima ujue tuko juu. Usianze kulia."

"Umevaa nini?"

"Sweta ya Mama, ile ya kijani ya kwaya. Juu yake koti la kuazima."

Nilimcheka. Mwanamume mzima ndani ya sweta ya kwaya ya Umoja wa Akina Mama!

Kesho yake utabiri ukaingia kwenye grupu la mfereji. Ulisema wiki hii, ingawa masika tumeshayasahau, kutakuwa na upepo mkali na theluji nzito kwenye miteremko ya juu. Mama, grupu lilifurika. Bwana asifiwe. Maji hayo! Mwingine akatuma picha za mikono iliyoinuliwa. Nami nikaandika "Amina", nikaendelea kupinda suruali ya mtu. Nilifika nusu ya mguu ndipo nikakumbuka aliko Mwadime.

Nilirukia simu nikaifuta ile Amina, kana kwamba Mungu alikuwa hajaisoma. Kisha nikampigia. Mteja hapatikani. Nikampigia tena na tena, mpaka sauti ya yule mwanamke wa mteja hapatikani nikaichukia kama ya mke mwenza. Mwisho nikapata namba ya bwana anayepanga wapagazi kule langoni. Akaniambia wageni wanataka kilele, na utabiri wanaujua. "Tumwachie Mungu," akasema. Maneno hayo mara ya mwisho niliambiwa na daktari, wewe ukiwa wodini.

Nilikuja Taveta na basi la kwanza nililopata, na upepo ukanifuata. Upepo wenyewe si huu wetu wa vumbi. Unatoka upande wa mlima na una ubaridi ndani yake. Umelaza migomba yako ya nyuma yote, na kuku wamejazana jikoni hawataki kutoka hata kwa mahindi. Mlima wenyewe hatukuuona. Palikuwa na wingu jeusi limekaa pale, haliendi wala halinyeshi.

Leo alfajiri likaondoka. Weupe umeshuka mpaka mahali ambapo macho yangu hayajawahi kuuona, Mama, umemeza hata yale mawe meusi uliyokuwa ukitufundisha kuyataja. Huko chini nikasikia vigelegele. Baada ya muda mfupi Mzee Kilonzo, mwenyekiti wa mfereji, akaja na jembe begani na watu wote nyuma yake.

"Wakio, mwanangu, watu wanakungoja. Piga jembe tuendelee."

"Sipigi, mzee."

"Mbona? Mama yako hangefanya hivi."

"Mdogo wangu yuko ndani ya hayo maji."

Akageuka akautazama mlima, nafikiri kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwona mtu juu yake. Akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa mfereji. Wengine wakaweka majembe chini. Hakuna aliyechimba na hakuna aliyerudi nyumbani. Bado wako hapo, wanaongea chini chini, mama mmoja ameanza kuchemsha chai kwa sufuria kubwa. Wamekaa mkao wa matanga, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko upepo.

Naogopa, Mama. Nina hasira pia, na sijui nimpe nani. Uzuri ule ulionifundisha kuupenda leo siwezi hata kuutazama.

Unakumbuka Mwadime alivyokuwa akichelewa kurudi, Baba akatia komeo na kuapa kwamba leo atalala na mbuzi? Baba akishakoroma ulitoka miguu mitupu ukamfungulia, ukampashia na chakula. Nikikulaumu kwamba unamdekeza, ulinijibu, "Mtoto wangu agonge, nisimfungulie?" Hukuwahi kumfungia mlango hata mara moja.

Basi nakuomba kitu kigumu. Akifika hapo kwako, amevaa sweta yako, anatetemeka, akagonga na kukuita kwa sauti ile unayoijua, usimfungulie. Atalia, mwache alie. Atasema anasikia baridi, na wewe moyo utakuuma, lakini shikilia komeo kwa mikono miwili. Mwambie hapo bado si kwao. Mwambie ageuke ashuke, dada yake anamngoja.

Ni mimi kifungua mimba wako,
Wakio