Bomba Chini ya Jiko la Mdogo Wangu

20 Februari

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Na hicho kifua chako kimepoa? Mimi mzima, ila nyumba inaumwa. Usinipigie simu kuniuliza. Simu hukatika kabla sijamaliza kukugombeza. Soma hapa, taratibu.

Choo kimegoma. Ukimwaga maji hayaendi, yanarudi kunisalimia. Bafuni vivyo hivyo. Bwana afya amekuja, kaziba pua, kasema ukifika mwisho wa Machi hapajatengenezwa, nyumba inafungwa kwa kufuli. Nyumba ya baba yangu, kufuli! Nikaita fundi. Kaja na sururu begani, hata kunisalimia hajanisalimia, keshasema bomba limeoza na lazima lichimbuliwe lote.

Na bomba hilo unajua linapita wapi. Baba alilitandika wakati kiwanja kikiwa kimoja. Linatoka bafuni kwangu, linapita chini ya ukuta, chini ya jiko la mdogo wangu, ndipo linakutana na bomba kuu la mji kule mtaa wa nyuma. Mtaa wa mbele uko juu, na maji hayajui kupanda mlima. Kulichimba ni kubomoa jiko lake. Kubomoa jiko lake ni kumwomba ruhusa. Na yule mimi simwombi hata chumvi. Mtu aliyesimama kwenye msiba wa mama akasema mbele za watu kwamba nilimuuguza mama ili nirithi nyumba, kisha akajenga ukuta, basi na akae na ukuta wake.

Wala usianze habari zako za mimi kuhamia huko mjini kwako. Mimi si kabati.

Bibi yako


27 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumai barua hii itakukuta salama. Mimi sijambo, kikohozi kimekwisha, kazi hapa duka la dawa ni ileile.

Bibi, chumba chako nimeshakipaka rangi, nigombeze ukitaka. Ila kabla ya chumba, sikiliza hili. Mteja wetu mmoja amenielekeza kwa fundi wanayemwita Mchwa, kwa kuwa kazi zake ni za chini kwa chini. Huyu hachimbi mtaro. Anapitisha waya mnene wa chuma ndani ya bomba la zamani. Kwenye waya anafunga kichwa cha chuma kilichochongoka, na nyuma ya kichwa anafunga bomba jipya la plastiki. Mashine inavuta. Kichwa kinalipasua bomba la zamani, vipande vinasukumwa pembeni udongoni, na bomba jipya linaingia palepale. Wenyewe wanaita kupasua bomba. Jiko lililo juu halibomolewi.

Nimemwomba aje kwako. Mpokee vizuri, na usimuulize kama ameoa.

Mjukuu wako akupendaye


8 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo na kazi? Mimi sijambo sana, leo hata goti linanitii.

Mchwa wako amefika. Nilimuuliza, ameoa. Kaleta kamera ndogo kama jicho la samaki, kaifunga kwenye waya, kaisukuma bombani, na mimi nimekaa kwenye kigoda natazama kwenye kioo. Mwanangu, nimeuona utumbo wa nyumba yangu! Mizizi imejaa mle kama nywele za mtu asiyejua kitana. Mbele zaidi udongo umeanguka, na Mchwa akasema, "Bibi, hapa ndipo penye ugonjwa." Nikamuuliza hapa ni wapi. Akapima kwa hatua mpaka ukutani, akaonyesha kidole upande wa pili. Chini ya jiko la yule.

Lakini akasema hakibomolewi kitu. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikapoa. Yaani nitapita chini ya miguu yake na sufuria zake, na yeye hana habari! Kusoma kwako kumenifaa kwa mara ya kwanza.

Bibi yako


12 Machi

Shikamoo Bibi,

Habari za hapo? Nimefurahi kusikia goti limepoa.

Usinikasirikie. Mchwa amenipigia simu jana, anasema wewe ulicheka sana hukumwacha amalize. Mtaro hauchimbwi, ni kweli, lakini lazima pawe na mashimo mawili: moja kwako bomba linakoingilia, na jingine linakotokea, ndipo mashine ikae na kuvuta. Hilo la pili liko uani kwa Bibi wa Ukutani, nyuma ya jiko lake. Si kubwa, mtu akisimama ndani linamfika kifuani, na watalifukia. Lakini bila idhini yake hawaingii.

Bibi, ni dada yako. Niende mimi nikamwombe?

Mjukuu wako


15 Machi

Wewe,

Salamu utazipata siku nyingine. Kamwombe yule kwa jina langu uone kama nitakuita tena mjukuu.

Nilimgeuza mama kitandani miaka mingapi, yeye akija na kanga mpya, akikaa kidogo, akiondoka? Kisha mimi ndiye mwizi! Hapana. Kama ni shimo, nichimbiwe mimi nizikwe humuhumu. Mwambie Mchwa akusanye nyaya zake.

Bibi yako


26 Machi

Shikamoo Bibi,

Hujambo? Nimekuandikia barua mbili hukujibu, na simu umeizima. Jirani ananiambia unaoga kwa ndoo uani na maji machafu yamefika mlangoni. Bibi, mwezi unakwisha.

Mchwa nimemwomba apite kwako mara ya mwisho, hata kama ni kufungua upande wako tu ili maji yapungue. Na mimi tarehe 31 nakuja na gari dogo la mizigo. Utachukua unachotaka, hata kigoda. Sikulazimishi, ila sitakuacha uugue kwa sababu ya maneno ya msibani.

Mjukuu wako


30 Machi

Mjukuu wangu mpenzi,

Hujambo, hujambo tena? Mimi mzima, sauti tu imekauka, nitakwambia kwa nini. Barua hii nampa Mchwa akuletee mwenyewe, maana posta ingekukuta umeshapanda gari.

Juzi Mchwa alikuja akafungua shimo upande wangu. Na unajua sauti yake, anaongea kama yuko ng'ambo ya mto. Akawa ananieleza, "Bibi, ungepata ruhusa, tungepasua bomba asubuhi, jiko la huko lingetikisika kidogo tu." Na yule wa ukutani siku hizi masikio yamemzeeka. Kasikia "bomu".

Mara nasikia kelele barabarani. "Dada yangu analipua nyumba! Ameleta watu wa bomu!" Natoka mlangoni, namwona katikati ya njia, sufuria ya maharage mkono huu, redio mkono huu, viatu hana. Watu wamejaa. Mchwa kasimama na koleo lake kama mshtakiwa.

Nami nikapiga yowe, "Bomba, kiziwi we! Bomba! Bomba la choo!"

Ndilo neno la kwanza nililomwambia tangu msiba wa mama. La choo.

Akasimama. "Choo cha nani?"

"Choo changu! Bomba la baba! Linapita chini ya jiko lako!"

"Nami sijui?" akasema. "Mwaka mzima nanusa. Nikitia kitunguu kwenye mafuta, kinachonukia ni wewe."

"Na hukuja kusema?"

"Nilikuwa nakungoja uje wewe."

Umesikia ujeuri huo? Mtu anakaa na uvundo wa mwenzake mwaka mzima kuliko kugonga mlango! Hapo nikajua huyu kweli tulinyonya ziwa moja. Nikaanza kucheka, naye akaanza, maharage yakimwagika.

Lakini hakuniachia hivihivi. Akafuta macho, akasema, "Haya. Unataka nini?" Anajua ninachotaka! Mchwa keshamwonyesha mahali. Anataka nilitamke. Nikaangalia watu, nikaangalia mlango wangu. Nikasema, "Naomba unikubalie shimo uani kwako." Akasema, "Ingieni."

Mchwa akaita vijana wake na mashine, wakachimba. Wakafunga kile kichwa, mashine ikanguruma, na bomba jeusi likawa linaingia kwangu polepole kama uzi kwenye tundu la sindano. Yeye kasimama jikoni, miguu mitupu sakafuni. Kikombe hata kimoja hakikuanguka. Akasema, "Njoo usimame hapa." Nikasimama. Kweli, unalisikia nyayoni, kama mtoto anavyogeuka tumboni.

Tukiwa tumesimama hivyo, wala haniangalii, akauliza, "Mgongo ule uliokuteguka ukimwinua mama, bado unauma?"

Nikasema unauma.

Akasema, "Pole. Mimi nisingeweza. Ndiyo maana nilisema yale."

Tulisimama mpaka mashine ikazimwa.

Basi, maji yanakwenda. Bwana afya amepita asubuhi, kufuli lake karudi nalo. Wewe njoo, lakini njoo na tumbo lako tu, hilo gari la watu lirudishe. Chumba mpangishe mtu mwenye adabu.

Naishia hapa. Yule anapiga kelele ukutani ati nimefua nguo nyingi makusudi ili maji yapite kwake wakati amelala. Ngoja niende nikamjibu, asije akadhani nimemwogopa.

Bibi yako