Pete ya Saranda

Harish, ndugu yangu,

Nakuandikia kwa sababu huna kaburi. Baba yangu nikimkosea nakwenda Ilongero, napalilia pale alipolala, nasema yangu, narudi. Wewe walikuchoma, na mwanao akaondoka na majivu. Sijui nisimame wapi. Basi nimekaa hapa nyumbani Mwankoko, alizeti zimeanikwa uani, nina kalamu na nina kosa.

Treni yako nimeiharibu.

Nianze mwanzo, maana hukupenda mtu anayesimulia kinyumenyume. Shemeji Kokila anahama. Jumapili hii anakwenda Mwanza kwa binti yenu. Duka limeshachukuliwa, makabati ya redio yametolewa, patauzwa simu za mkononi. Siku hizi redio ikifa watu wananunua nyingine. Kimebaki chumba cha nyuma na ile meza yako kubwa, na reli yako ndogo ya mfano juu yake: Kintinku, Saranda chini ya mlima, Manyoni juu, halafu tawi la kuja Singida. Shemeji aliniita. "Bhai Saidi," akasema, "miaka yote nilileta chai nikarudi jikoni. Sikuitazama hata siku moja mpaka mwisho. Nataka kuiona inatembea, halafu waifungue vipande vipande."

Nikamwambia hilo jambo dogo. Nilijigamba, Harish.

Unakumbuka ulivyoipata kipande kipande? Ndugu yako wa Uingereza alituma boksi, ndani injini ya kiwanda hiki, kisanduku cha umeme cha kiwanda kile, vigeuza njia vya kiwanda cha tatu, vyote vimeshatumika na vyote havielewani. Ukacheka. "Stesheni, hiki ni kikao cha makabila! Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo na Mhindi chumba kimoja. Kompyuta ndiyo Kiswahili chao." Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi reli, nakaa nyumbani kama gunia. Treni ya kweli ya kuja huku ilikuwa imeacha kuja. Nilileta redio itengenezwe, ukaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, na tangu siku hiyo ukaniita Stesheni. Nami nikakuita Dereva.

Mambo ya pete nilikulazimisha mimi. Nilikwambia reli ya njia moja haina mchezo, dereva haondoki mpaka akabidhiwe pete ya njia ile, iliyo moja tu ili treni mbili zisikutane, hata kama mbele hakuna kitu. Ukabisha: "Kompyuta inaziona treni zote, pete ya nini?" Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikakuta umekunja waya wa shaba ukawa pete, umefunga ndoano pembeni ya Saranda, na kompyuta umeifundisha isitoe injini mpaka pete itundikwe hapo. Reli nimefanya kazi miaka mingi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuniheshimu namna ile.

Siku ya msiba wako niliingia chumba cha nyuma nikaichukua pete ile. Nilitaka kitu cha kushika. Nikaitia mfukoni mwa koti, sikumwambia mtu.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita nimewasha kompyuta, shemeji ameketi kwenye kiti chako. Nikaiita injini ya kijani. Kimya. Nikaita tena. Taa zinawaka, injini haisogei. Nikadhani ni ule ugomvi wao wa viwanda. Nikafungua daftari lako, pale ulipoandika kwamba injini ikikataa kabisa irudishwe ilivyotoka kiwandani. Nikafuata hatua kwa hatua. Nikairudishia namba yake kama ulivyoonyesha. Bado kimya. Nimesimama, mkono mfukoni, natafuta la kumwambia shemeji, na kidole changu kimo ndani ya pete.

Mimi. Mimi niliyenuna siku mbili.

Nikaitundika. Injini ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Ule mwendo wako wa kupanda Saranda, wiki tatu ulizokaa ukiupunguza kidogo kidogo kwa sababu nilisema treni ya kweli haikurupuki, ulikuwa umo ndani ya injini ile, na nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Kwenye kona ya kwanza ikaacha reli ikalala ubavu.

Shemeji akaniuliza taratibu, "Ndivyo alivyokuwa akiiendesha?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Haya," akakusanya vikombe.

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko injini. Alitaka kujua mumewe alikuwa akifanya nini kule nyuma miaka yote ile, na mimi nikamwachia aamini ulikuwa ukiangusha vidude. Ili tu asijue kwamba nilichukua pete bila kuomba.

Tangu siku hiyo narudi kila siku, namwambia napanga vitu kwenye maboksi. Nimetafuta daftarini ukurasa wa injini ya kijani. Juu umeandika "Mwendo wa Saranda." Chini hakuna kitu. Uliupata kwa sikio, hukuuandika. Nikakaa kitini kwako nikakata tamaa kabisa. Halafu nikakusikia unahesabu. Ek, be, tran, chaar. Kila mara injini ilipotoka Saranda ulihesabu Kigujarati mpaka kwenye kona, na ikifika kona kwenye agiyaar, kumi na moja, ulipiga meza kofi ukaita chai. Kigujarati changu kinaishia hapo. Zaidi ya hapo sikuhitaji.

Basi naupunguza, nahesabu, naupunguza tena. Jana ilifika kona kwenye nane. Leo asubuhi, tisa. Inaanza vizuri, ila katikati ya mlima bado ina haraka. Huenda nisiufikie mwendo wako. Vidole vyangu ni vya kuvuta vyuma vizito.

Lakini nakuahidi, Dereva. Jumamosi hii kabla hajafunga mizigo nitamwambia shemeji kila kitu, hata kama itakuwa bado tisa. Pete nitamkabidhi mkononi, aitundike mwenyewe, kisha iende naye Mwanza. Mimi nitasimama pale pembeni ya mlima nihesabu kwa sauti, na kwenye kumi na moja nitapiga meza kofi.

Chai siku hiyo nitaileta mimi. Kwaheri, ndugu yangu.

Saidi, Stesheni wako