Jicho la Kushoto la Hamadi

Jumatatu, 4 Agosti

Ikiwa daftari hili limekuangukia mikononi, nakuomba kwa Mungu, lifunge. Usimsimulie mtu hata neno moja. Mimi ni karani wa kliniki. Niliapa kutunza siri za wagonjwa.

Faili thelathini kabla ya adhuhuri. Jioni kahawa, barazani kwa Mzee Mwinyi, hapa Msambweni. Zimebaki siku kumi na mbili Hamadi wa Kinondo apigane Diani na bondia wa Mombasa. Hakuna habari nyingine mjini. Mimi ndiye ninayeandika utabiri wa wanabaraza, kwa sababu ya mwandiko. Jina, raundi, namna ya ushindi. Pesa hapana, Mzee Mwinyi hataki kamari kibarazani kwake. Atakayekosea zaidi atamimina kahawa mwezi mzima. Atakayepatia ataitwa Mwalimu na kila mtu, mwezi mzima.

Njoroge, fundi wa kuchomelea vyuma: "Niandikie raundi ya tatu, Karani. Huyo jamaa atalala, akiamka aulize fight inaanza saa ngapi."

Mzee Mwinyi akamwambia: "Kila mwaka raundi ya tatu. Wewe wajua kuhesabu hadi nne kweli?"

Katika daftari la utabiri, ukurasa wangu bado mtupu. Sipendi kukosea mbele ya watu.

Jumatano, 6 Agosti

Hamadi alikuja kupimwa, kama wanavyotakiwa mabondia wote. Akaniamkia vizuri. Daktari alimpiga picha za macho, majibu yatatoka keshokutwa. Meneja wake, Bwana Kassim, alisimama mlangoni muda wote akitazama saa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekosea. Niandike wazi.

Majibu yalitoka asubuhi. Daktari aliweka bahasha mezani kwangu, akasema Hamadi aitwe leo leo, kisha akaondoka kwenda likizo. Bwana Kassim akatokea dirishani. "Nipe, nampelekea mwenyewe." Nikampa. Sikudai sahihi ya mgonjwa. Sikudai chochote. Aliniita mwanangu, nami nikampa.

Baadaye nikasoma nakala nilipokuwa nikiiweka kwenye faili. Jicho la kushoto. Utando wa nyuma umeanza kubanduka. Asipigane kabisa. Apasuliwe haraka, ama atapofuka.

Nimempigia daktari mara sita. Simu imezimwa.

Jumapili, 10 Agosti

Nilikwenda Kinondo kumtazama Hamadi akifanya mazoezi. Nusu ya baraza ilikuwepo. Anapigana kichwa kimegeukia kushoto, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Watu wanashangilia! Eti mtindo mpya. Njoroge amebadilisha utabiri wake, sasa ni raundi ya pili, kwa sababu ya huo mtindo. Wengine wanne wakamfuata. Niliyaandika yote kwa mkono wangu.

Si mtindo. Hamwoni mwenzake.

Nina hasira. Watu wazima wanakaa wanapima kasi yake, miguu yake, urefu wa mikono yake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini hugongana na nguzo ya ulingo.

Hakuambiwa. Nina hakika. Nilitaka kumsogelea. Bwana Kassim akanishika bega. "Faili la mgonjwa ni siri, Karani. Wewe umesoma, wayajua hayo kuliko mimi."

Jumanne, 12 Agosti

Bwana Kassim amekuja na cheti kingine, kutoka sijui wapi. Hamadi mzima, hana tatizo. Anataka nakala yetu itoke kwenye faili. Nikamwambia faili limefungiwa ofisini kwa daktari. Uongo. Lilikuwa chini ya kiwiko changu.

Uongo huo haukuniondolea woga.

Barazani wananidai utabiri. "Karani aogopa kumimina kahawa!" Wakacheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetoa kile kiapo changu nikakisoma upya, mstari kwa mstari. Hakisemi siri ni ya kliniki. Hakisemi ni ya meneja. Siri ni ya mgonjwa. Basi nimekuwa nikimficha mtu siri yake mwenyewe, na huyo mwizi Kassim ananisifu kwa uaminifu!

Leo nilikwenda Kinondo tena. Kassim yuko na Hamadi kila hatua, hata kwenye kutawadha.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya Alasiri utabiri ulisomwa. Ni desturi bondia mwenyewe aje asikie, ili acheke au akasirike. Kassim alikaa kando yake.

Nilisoma kurasa kumi na tisa. Kisha wangu. Nilikuwa nimeandika: Hakuna raundi. Hamadi hatapanda ulingoni.

Kisha kelele. Njoroge alisema nimetumwa na watu wa Mombasa. Mtu akanimwagia kahawa shatini. Nikafunga daftari la utabiri, nikatoka.

Hamadi alinifuata peke yake, kama nilivyotarajia. Alimzuia Kassim kwa mkono mmoja tu. Alinikuta nyuma ya kisima. "Una nini nami wewe?"

Nikamwambia. Yeye tu. Nikampa nakala. Aliishika mbali, upande wa kulia.

Akauliza, polepole, "Hizi cheche ninazoziona, ndizo hizo?"

Nikasema ndizo.

Jumamosi, 16 Agosti

Hakupigana. Bondia wa Mombasa alipewa mpinzani mwingine, sikuuliza matokeo.

Nimeitwa mchawi, msaliti, kibaraka. Kassim amenishtaki kliniki. Nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Watu wale wale walioapa kwamba Hamadi ni damu yao! Wanalilia raundi ya pili. Hakuna anayeuliza habari za jicho.

Ijumaa, 29 Agosti

Mvua kidogo asubuhi.

Daktari amerudi, amenitetea kwa barua. Bado sijaitwa.

Baraza liliamua kwamba utabiri wangu si utabiri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekosea kuliko wote. Namimina kahawa. Sikubishana. Buli ni zito kuliko nilivyodhani.

Leo Hamadi alikuja. Alipasuliwa Mombasa wiki iliyopita. Jicho limefunikwa, wanasema litaona. Watu walimpisha. Alikaa, akanyoosha kikombe.

"Niongeze, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Njoroge alitazama viatu vyake.

Nikamwongeza.

Nawe uliyeliokota daftari hili, usilipeleke kliniki. Njoo Msambweni, barazani kwa Mzee Mwinyi, baada ya Alasiri. Usitaje jina. Uliza anayemimina kahawa ni nani, unipe likiwa limefungwa. Nitakuwepo hadi mwezi uishe.