Pande Mbili Nyeusi za Skrini

Jumapili, Ikonge. Mvua ilianza saa nane na haijaacha. Hasira zimeisha, lakini sijakubali kitu.

Leo tumetazama diski ya mazishi ya baba mbele ya mzee wa kijiji. Sababu ni mpaka. Baba mdogo anadai shamba lake linafika hadi kwenye kaburi la baba, na kwamba mistari minane ya majani chai anayochuma mama ni yake. Mimea ya mpaka haipo. Iling'olewa msimu wa mvua uliopita, mama akiwa amelazwa hospitali. Mama anasema ilikuwa chini ya kaburi, upande wa mto. Ni neno lake dhidi ya la shemeji yake.

Kwetu hakuna mazishi yasiyopigwa video. Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo.

Nilianza vibaya. Krismasi kaka yangu alimletea mama televisheni pana, akaiweka picha ijaze kioo chote. Alisema pande nyeusi zinazobaki kando ya picha za zamani ni kupoteza skrini tuliyoilipia. Tangu hapo hakuna aliyegusa, na picha za zamani hukatwa juu na chini. Jeneza lilipofika kaburini, waombolezaji hawakuwa na vipaji vya nyuso wala miguu.

Baba mdogo alicheka. "Kemunto, mpaka uko wapi? Mimi naona matumbo ya watu tu."

Mzee wa kijiji naye akacheka. Sikumlaumu.

"Halafu wewe umeolewa Mosocho," baba mdogo akaendelea. "Shamba la huku linakuhusu nini?"

Swali hilo nimeulizwa na wakubwa kuliko yeye. Nilichukua rimoti.

Kila mtu ananiambia nitupe hii deki ya DVD, eti simu inatosha. Video hiyo iko kwenye simu pia. Ilibanwa ili itumwe kwa haraka, na majani yote yamekuwa uji wa kijani. Deki husogeza picha moja moja, na ukiisimamisha haitetemeki.

Nikarudisha picha kwenye umbo ililopigwa nalo. Pande mbili nyeusi zikatokea, na chini ya wabeba jeneza ikatokea ardhi. Nikasimamisha. Nikasogeza picha moja, nyingine, nyingine tena, hadi mwanamke mwenye mwavuli alipopita. Nikakuza mara mbili.

Mimea minne, kwa mstari, chini ya kaburi, upande wa mto.

Nilijaribu kukuza mara nne, nikarudisha. Mara nne ni madoa, na siwezi kumwonyesha mtu doa nikamwambia ni jani.

Kando ya mmea wa tatu alisimama mwanamume mwenye koti la kijivu, ameegemea jembe.

Mama alisema jambo moja tu mchana kutwa. "Shemeji, hiyo koti si ni ile umevaa?"

Baba mdogo alijiangalia kifuani. Akasema picha za zamani hudanganya.

"Haya, picha idanganye," mzee wa kijiji akamjibu. "Na koti pia inadanganya?"

Mzee ameamua mimea irudishwe ilipoonekana, kesho asubuhi, yeye mwenyewe akiwepo. Baba mdogo ameondoka kwenye mvua bila kumaliza chai, akisema tukiipanda ataing'oa.

Hakusema "tena", kwa hiyo nami siandiki. Picha haionyeshi aliyeing'oa. Inaonyesha ilipokuwa, na hilo ndilo tulilokuwa tukibishania.

Je, ataing'oa kweli? Anaweza. Nitapanda tena.

Asubuhi nitachimba mashimo manne, mama akinishikia kamba. Nikimaliza nitasimama pale aliposimama mpiga picha na nitapiga video yote, kuanzia kaburi hadi mto, kisha nitaiweka kwenye diski.

Na kaka yangu akija Desemba, asiguse rimoti.